Mita 60 Si Ombi: Ya Kufanya na Kutofanya Ukingoni mwa Ziwa Victoria

Ziwa Victoria lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Nile, pale Jinja. Unachomwaga Mwanza leo hakiondoki kesho. Sheria za kulilinda upande wa Tanzania zipo. Wanaoumia ni wale wanaozisoma baada ya kuchorewa X nyekundu ukutani.

FANYA: Pima kabla ya kununua tofali
Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa au ukingo wa mto. Nenda na mpima ardhi, uanzie pale maji yanapofika yakijaa. Mei 2020 ziwa lilipanda likavuka rekodi ya 1964. Nyumba na vyoo vya kandokando vikaingiwa na maji, na kilichokuwa shimoni kikatoka.

USIFANYE: Usinunue maneno ya dalali
"Mbona jirani amejenga?" Jirani hajabomolewa bado, hiyo ndiyo tofauti pekee. Muhuri wa serikali ya mtaa si kibali cha mazingira.

FANYA: Omba kibali cha kumwaga majitaka
Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka uwe na kibali kabla hujaelekeza bomba kwenye maji. Hoteli, machinjio, kiwanda cha minofu: wote. Anzia ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Ukikipata, safisha majitaka kwanza, pima ubora wake, tunza majibu ya maabara. Mkaguzi akija atasoma faili, hatasikiliza hadithi za meneja.

USIFANYE: Usifungulie bomba usiku wa mvua
Kila mwenye kiwanda hudhani ujanja huu kaubuni yeye. Damu na mabaki ya samaki yana naitrojeni na fosforasi, chakula cha mwani na gugumaji. Mwani ukifa na kuoza, oksijeni inakwisha majini, na sato walio kwenye vizimba hawana pa kukimbilia. Hasara ni ya mfugaji, kosa ni lako.

FANYA: Peleka sheria ndogo ikaidhinishwe
Kijiji kikitaka kulinda matete na mafunjo, kiandike sheria ndogo, wananchi waijadili mkutanoni, kisha iende halmashauri. Mafunjo huzuia tope na mbolea zisifike ziwani. Ukiyafyeka ulime mpunga, kazi hiyo haina wa kuifanya.

USIFANYE: Usitoze faini kwa sheria isiyoidhinishwa
Mgambo mwenye daftari si sheria. Mshtakiwa akipata wakili, kesi inakufia mlangoni. Kesho yake matete yanafyekwa mchana kweupe, na mtendaji anatazama tu.

FANYA: Chota sampuli kabla ya kupiga kelele
Maji yakibadilika rangi, au samaki wakielea, piga simu ofisi ya bonde na kwa afisa mazingira. Chota maji kwa chupa safi: moja kabla ya bomba, nyingine baada yake. Andika mahali, tarehe na saa mbele ya shahidi. Weka kwenye barafu, fikisha maabara siku hiyohiyo. Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi na samaki wakafa. Kamati ya serikali ikataja kinyesi cha mifugo na mimea iliyooza. Wengine wakaendelea kunyooshea kidole migodi. Mabishano ya namna hiyo humalizwa na chupa iliyochotwa mapema.

USIFANYE: Usiseme "hilo ni la wakubwa"
Sheria ya 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, na haki ya kwenda mahakamani kuidai. Huhitaji kuwa diwani. Na samaki waliokufa usiwale, usiwaanike, usiwauze. Wachache wapeleke maabara, waliobaki wafukie mbali na maji.