Kitenzi Kimoja, Kazi Nyingi: Kufundisha "Run" katika Shule ya Msingi

Mwalimu wa Kiingereza katika shule ya msingi hukutana mapema na kitenzi "run". Ni neno la herufi tatu tu, na kulifundisha huonekana kuwa jambo jepesi. Mwalimu huwatoa watoto uwanjani, hukimbia hatua chache mbele yao, husema "I am running," nao hufuata na kurudia. Wakirejea darasani huandika ubaoni: run, kukimbia. Kengele inapogongwa, wote wameelewa.

Makala haya hayakusudii kulipinga somo hilo. Ni somo zuri, na ndipo mahali pa kuanzia. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba ule mstari wa ubaoni, ukiachwa peke yake mpaka Darasa la Saba, humfunga mtoto badala ya kumfungua.

Uzito wa jambo hili

Tuwatazame watoto wa Shinyanga, Kahama na Geita. Wengi wao huzungumza Kisukuma nyumbani. Wengine huzungumza Kisumbwa au Kizinza. Na katika vijiji vya machimbo ya dhahabu hukutana watoto wa makabila mengi ambao wazazi wao walifuata riziki huko. Kiswahili ni lugha yao ya darasani na ya mtaani. Kiingereza, basi, huja kama lugha ya tatu, na aghalabu mtoto haisikii nje ya kipindi chake.

Tangu mwaka 1967 masomo katika shule za msingi za Serikali yamefundishwa kwa Kiswahili. Katika shule za sekondari lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Mtoto huyo anapoingia Kidato cha Kwanza, kitabu cha jiografia humwambia: "The river runs into the lake." Kitabu cha fizikia humwambia: "The engine runs on diesel." Kitabu cha biashara humwambia: "She runs a small business." Kitenzi ni kile kile alichokimbia nacho uwanjani, lakini hapa hakuna anayekimbia. Akiwa na maana moja tu mfukoni, atasoma sentensi zote tatu na asielewe hata moja, wala hatajua kwamba hakuelewa. Maana neno analifahamu tangu utoto.

Nje ya shule pia neno hili lina uzito wake. Katika vijiji vya Geita kama Nyarugusu na Rwamgasa, kama ilivyo katika vijiji vingi, zipo mashine za kusaga nafaka, jenereta na pampu za maji. Na penye machimbo yapo makarasha ya kusagia mawe. Injini nyingi zimetoka nchi za nje, na onyo lililobandikwa ubavuni mara nyingi ni la Kiingereza: "Do not open the cover while the engine is running." Mzazi asiyejua lugha hiyo humwita mtoto aliye shuleni amsomee. Mtoto aliyefundishwa kwamba "run" ni kukimbia, na basi, atatafsiri: usifungue kifuniko injini inapokimbia. Baba ataitazama injini, ataiona imefungwa imara sakafuni, haiendi popote. Ataona onyo halimhusu. Hapo tafsiri pungufu yaweza kugharimu vidole vya mtu.

Mwalimu aangalie pia asichague mifano inayomfanya mtoto aone kuwa mahali pake ni kwenye duara au karasha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kutumikishwa katika kazi za hatari, na uchimbaji wa madini ni mojawapo ya kazi zilizotajwa. Mashine ya kusaga ya kijijini inatosha kabisa kwa mfano, kwani kila mtoto amepata kutumwa huko na debe la mahindi.

Kiswahili chenyewe kinatufunulia njia

Tusidhani kwamba hali hii ni ugeni wa Kiingereza. Mtoto wetu husema bila kusita: piga mpira, piga picha, piga pasi, piga hodi, piga kura, piga mbizi. Hakuna mtoto anayedhani kwamba picha inachapwa au kwamba kura inaumia. Husema pia kula ugali, kula kiapo, kula hasara. Anajua kwamba maana ya kitenzi hutegemea neno linaloandamana nacho, ingawa hajapata kuelezwa hivyo. Ujuzi huo ni mtaji, nasi hatuna budi kuutumia.

Yafaa zaidi kukitazama kitenzi "kwenda". Twasema saa inakwenda, mashine inakwenda, barabara hii inakwenda Kahama, maji yanakwenda bondeni. Katika sentensi hizi zote hakuna miguu, na hakuna anayeshangaa. Basi mara nyingi "run" iliyo nje ya uwanja wa michezo iko karibu na "kwenda" kuliko "kukimbia". Mwalimu akilishika hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Makundi matano

Wahariri wa kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford walipokipitia upya kitenzi hiki, ilitangazwa mwaka 2011 kwamba wamekigawanya katika maana 645. Mwalimu asiogope idadi hiyo. Kwa shule ya msingi tunapendekeza makundi matano, nayo yafundishwe kwa miaka, si kwa siku moja.

Kundi la kwanza ni mwendo wa kiumbe mwenye miguu: "The goat is running." Hapa "kukimbia" ni tafsiri sahihi.

Kundi la pili ni mwendo wa kitu kimiminika: "Water runs down the hill." "Tears ran down her face." Kiswahili husema kutiririka au kutoka. "My nose is running" maana yake kamasi zinanitoka. Watoto watacheka wakiambiwa kwamba pua inakimbia. Waache wacheke, kisha uwaulize kwa nini wamecheka. Jibu lao ndilo somo.

Kundi la tatu ni kwenda kwa mashine, kwa chombo cha usafiri na kwa njia yenyewe. "The engine is running" ni injini inazunguka, yaani imewashwa na inafanya kazi. "Ferries ran between Kigongo and Busisi" ni vivuko vilikuwa vikienda na kurudi, kama ilivyokuwa kabla ya daraja la hapo kufunguliwa mwaka 2025. "The railway runs from Tabora to Mwanza" ni reli inakwenda kutoka Tabora hadi Mwanza. Reli hiyo, iliyofika Mwanza mwaka 1928, hupita Shinyanga mjini, na watoto wa huko wameiona ikiwa imetulia chini siku zote. Hata mgodi huingia katika kundi hili: "The Buzwagi mine ran from 2009 to 2021," yaani mgodi huo ulio karibu na mji wa Kahama ulifanya kazi tangu mwaka 2009 hadi 2021.

Kundi la nne ni kuendesha au kusimamia: "My aunt runs a shop." Shangazi haendi mbio; anaendesha duka.

Kundi la tano ni kuishiwa: "We ran out of salt." Chumvi imetuishia.

Maswali mawili

Ili mtoto asibebe makundi haya kama mzigo wa kukariri, afundishwe kujiuliza maswali mawili kila anapokutana na "run". La kwanza: kiima ni nani, au ni nini? La pili: baada ya kitenzi linafuata neno gani?

Swali la kwanza hutenga mbuzi na maji, na hutenga maji na injini. Swali la pili ndilo gumu zaidi, nalo lahitaji mazoezi. Tulinganishe:

Neema runs to the shop.
Neema runs a shop.

Katika sentensi ya kwanza Neema anakimbilia dukani; katika ya pili anaendesha duka. Tofauti nzima imebebwa na neno "to". Tutazame jinsi lugha mbili zinavyofanya kazi. Kiswahili hubadili umbo la kitenzi: kutoka "enda" twapata "endesha" katika kauli ya kutendesha. Kiingereza hakibadili kitu. "The machine runs" na "he runs the machine" hutumia "run" ile ile. Mtoto aliyezoea kupata ishara ndani ya kitenzi ataitafuta huko na hataipata. Yafaa afundishwe kuitafuta mbele ya kitenzi: likifuata jina moja kwa moja, yaani yambwa, mara nyingi maana ni kuendesha.

Tulinganishe tena:

Masanja ran out of the house.
Masanja ran out of water.

Maneno manne ya mwanzo ni yale yale. Katika ya kwanza Masanja alitoka nyumbani mbio. Katika ya pili maji yalimwishia. Hapa pana mtego mwingine. Katika Kiingereza kiima ni mtu. Katika Kiswahili kiima ni kile kilichokwisha. Ndiyo sababu wanafunzi wengi huandika "The water finished me," wakifuata Kiswahili neno kwa neno. Mwalimu asiishie kuweka alama ya kosa. Aonyeshe kwamba lugha hizi mbili hulianza jambo hilo kutoka pande mbili tofauti.

Mfano wa somo

Somo lifuatalo ni la Darasa la Sita, kipindi cha dakika 40. Shabaha: mwishoni mwa kipindi kila mwanafunzi aweze kupambanua "run" ya kwenda na "run" ya kuendesha. Zana: chupa ya plastiki iliyotobolewa chini, maji, na kadi zilizokatwa kutoka maboksi yaliyotumika.

Utangulizi, dakika 5. Andika ubaoni "piga picha", "piga mpira", "piga hodi". Uliza: je, kupiga huku ni kumoja? Pokea majibu kwa Kiswahili.

Uwasilishaji, dakika 10. Mwanafunzi mmoja akimbie mpaka mlangoni, darasa liseme "He is running." Jaza maji katika chupa, yanapotoka, sema "The water is running." Elekeza mkono upande wa barabara na useme inakokwenda: "The road runs to Geita." Mwisho sema "My aunt runs a shop," uwaache wakisie kabla ya kueleza.

Mazoezi, dakika 15. Gawa kadi kwa kila dawati. Nyingine zina viima: "The engine", "Mr Juma", "The river". Nyingine zina miisho: "runs a hotel", "runs on diesel", "runs into the lake". Wanafunzi waziunganishe, wasome, kisha waeleze maana kwa Kiswahili. Darasa likiwa na watoto wengi, madawati matatu yashirikiane kadi za seti moja.

Tathmini, dakika 10. Usiulize "run" ni nini kwa Kiswahili, kwa kuwa swali hilo halina jibu moja. Andika sentensi nne, na kila mwanafunzi aeleze kila moja kwa maneno yake katika daftari.

Tahadhari tatu

Kwanza, usimwage maana zote katika kipindi kimoja. Anayepewa maana tano kwa siku moja huondoka bila hata moja. Pili, usiyaonee haya matumizi ya Kiswahili katika somo hili. Kiswahili hapa ni kipimo cha kujua kama mtoto ameelewa au anarudia sauti tu. Tatu, usisahau maumbo: "run" hugeuka "ran" kwa wakati uliopita na kurudi "run" baada ya "has" au "have", na katika "running" herufi n huwa mbili. Maana sahihi katika umbo lenye kosa bado ni kosa katika mtihani.

Hitimisho

Tulichosema kuhusu "run" chahusu pia "take", "get", "make" na "keep". Haya ndiyo maneno ambayo mtoto huyaona kila ukurasa na ambayo walimu huyapita haraka kwa kuyadhani mepesi. Neno gumu mtoto atalitafuta katika kamusi. Neno jepesi hatalitafuta, maana anaamini analijua. Wajibu wa mwalimu wa shule ya msingi ni kumzoesha mapema kuyauliza maneno mepesi maswali, ili siku atakapoitwa kumsomea mzazi onyo la injini, aseme kwa uhakika: baba, usifungue mpaka izimwe.

Maswali ya kujadiliana

1. Taja vitenzi vitatu vya Kiswahili vyenye maana nyingi, mbali na "piga" na "kula". Ungevitumiaje kuanzisha somo la Kiingereza?
2. Tafsiri kwa Kiswahili: "The bus runs every day", "The man runs the bus", "The man runs to the bus". Eleza ni neno gani limekuongoza katika kila sentensi.
3. Mwanafunzi ameandika "The sugar finished us." Andika maelezo mafupi utakayompa.
4. Tayarisha maandalio ya somo la kundi la tano kwa Darasa la Saba, ukitumia zana zinazopatikana kijijini bila gharama.