Mali Ilitolewa, Lakini Komini Je?

Wadogo zangu wa Mangobo na Kabondo hapa Kisangani, nanyi mnaovuka mto kutoka Lubunga na vikapu vya pondu kabla jua halijatoka, swali lenu siku hizi ni moja: Yaya, nikinunua parseli kwa pesa ya biashara yangu, bwana lazima anipe ruhusa ya maandishi?

Ruhusa hiyo ilifutwa. Ilikuwa katika Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987, kifungu cha 448: mwanamke aliyeolewa hakuweza kujifunga kisheria bila idhini ya mume. Kesi mahakamani, konti ya benki, mkataba wa kazi, yote yalipitia kwa bwana. Mama zetu waliishi hivyo, hata wale waliokuwa wakilisha nyumba nzima. Nao walikuwa wengi. Vita ilipoufunga mto kuelekea Kinshasa, na mishahara ikapotea, nani alikuwa akipika chikwange usiku ili watoto wale na ada ya shule ilipwe? Mwezi wa 6 mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku 6 humu mwetu Kisangani, mabomu yaliangukia nyumba za watu. Baadaye wanawake walirudi sokoni, wakacheza likilemba, kuchangiana pesa kwa zamu, wakaanza upya. Mwanamke huyo huyo, mbele ya sheria, alihesabiwa kama mtoto. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2016 sheria ilibadilishwa. Mume bado anaitwa kichwa cha nyumba, sitawaficha. Lakini sasa ni mapatano: yale yanayowafunga kisheria, mnakubaliana wawili, naye bwana anahitaji kukubaliana nawe vilevile. Kwa hiyo ongea naye. Kununua kwa siri kunaleta kesi nyumbani na kwa wakwe, na kesi hizo nimeziona zikivunja ndoa nzuri.

Lakini linalonihangaisha zaidi ni hili. Wengi wenu mali ya mahari ilitolewa, mbuzi wakaliwa, wazee wakabariki, mkaishia hapo. Ndoa ya familia ni ndoa kweli kati yenu wawili. Lakini watu wengine hawalazimiki kuitambua mpaka iandikwe kwenye ofisi ya komini. Siku bwana akifa, na ndugu zake wakafika kusema hawakujui, utatoa karatasi gani? Usiseme wakwe zako ni watu wema. Wema wao hauandikwi popote.

Nendeni komini wote wawili, pamoja na mashahidi walioona mali ikitolewa. Huko mtaulizwa mnachagua mpango gani wa vitu vya ndoa: kila mtu na vyake, vyote viwe vya pamoja, au vya pamoja viwe vile tu mlivyopata ndani ya ndoa. Mkinyamaza, sheria inawapa huo wa mwisho. Zungumzeni nyumbani kabla, msije mkagombana mbele ya karani.

Na ile parseli, wewe dada wa Lubunga uliyeniandikia: kama mnanunua wawili, andikisheni majina mawili. Hati ya mauzo uihifadhi wewe mwenyewe, pamoja na risiti zako zote.