Upepo ni Mwizi wa Shambani

Mkulima akisikia habari ya mwizi hufunga mlango. Lakini yuko mwizi apitaye shambani mchana, watu wakimwona, wala hakuna amkamataye. Mwizi huyo ni upepo. Wakulima wa Kinangop, ambako mashamba makubwa yaligawanywa katika Mpango wa Ekari Milioni Moja ulioanza mwaka 1962, wanamjua sana.

Huiba nini? Kwanza, maji. Kama nguo zilizoanikwa zikaukavyo upesi siku ya upepo, ndivyo udongo na majani ya mimea yakaukavyo. Pili, huiba udongo: vumbi lirukalo kutoka shamba lililolimwa ni ile sehemu ya juu yenye rutuba. Tena hulaza mahindi, hung'oa mabati na hueneza moto.

Dawa yake ni ukingo wa miti. Fuata mambo haya:

1. Angalia moshi wa jikoni ujue upepo mkali hutoka upande gani. Panda miti kuukingama upepo, si kufuata uendako.

2. Panda safu mbili au tatu, lakini zisizibe kabisa. Upepo ukigonga ukuta huruka juu, kisha hushuka upande wa pili ukizunguka na kuharibu mimea. Ukingo mzuri hupitisha upepo kidogo, nao umekwisha punguzwa nguvu.

3. Usiache pengo. Upepo hupenya hapo kwa nguvu zaidi. Kama njia lazima ipite, ikate kwa mshazari.

4. Mikaratusi iwe mbali na mazao, kwa maana hunywa maji mengi.

Mwenye ekari chache atasema, "Nikipanda miti, viazi nitavipanda wapi?" Ni kweli, atapoteza mistari michache. Lakini miti yenye urefu wa futi 20 huweza kukinga shamba mpaka futi 200 hivi, yaani mara 10 ya urefu wake. Tena atapata kuni na fito.

Miti ikingali midogo, jihadhari. Nyunyiza dawa asubuhi mapema, hewa ikiwa imetulia, isije ikakurudia usoni au kuangukia mboga za jirani. Usichome takataka siku ya upepo.

Zungumza na jirani yako kabla ya kupanda mpakani. Ukingo wa mashamba mawili ni bora kuliko wa shamba moja, na upepo haujui mpaka. Mvua zijazo zikukute mashimo yako yamekwisha chimbwa.