Geuza Sahani Kabla ya Kutaja Bei

Sebule kadhaa hapa Mugumu zina sahani ambayo haijawahi kupakuliwa ugali. Imesimamishwa juu ya kabati la vyombo, au imetundikwa ukutani jirani na kalenda. Ina picha ya mto, nyumba ya shambani, miti ya Ulaya na mkokoteni wa farasi uliosimama katikati ya maji. Iliachwa na mgeni aliyekuja kuona nyumbu, au iliokotwa kwenye vyombo vya mtumba siku ya mnada. Wageni wanaoingia huuliza swali lilelile: hii si mali?

Jibu haliko kwenye picha. Igeuze usome mgongo wake.

Anza na mhuri wa kiwanda. Jina la nchi husaidia kukadiria umri, kwa sababu sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilitaka bidhaa za kigeni zionyeshe zilikotoka. Kwa hiyo sahani yenye neno "England" peke yake aghalabu ni ya kuanzia 1891, na yenye "Made in England" mara nyingi ni ya karne ya 20. Ukikuta maandishi yanayokuruhusu kuiweka kwenye mashine ya kuoshea vyombo, usiseme ilikuwa ya mama yake bibi. Jihadhari sana na mwaka. Wedgwood huandika 1759 na Villeroy & Boch huandika 1748, nayo ni miaka ya kuanzishwa kwa viwanda, siyo ya kutengenezwa kwa sahani. Nadhani hakuna tarakimu zilizowapa watu ndoto za utajiri kama hizo.

Sasa rudi mbele. Ule mkokoteni majini huenda ni nakala ya The Hay Wain, mchoro wa John Constable wa 1821 uliopo National Gallery, London. Constable hakuigusa sahani yako. Viwanda vya Uingereza vilianza katika karne ya 18 kuchonga picha kwenye bamba la shaba, kuipiga chapa kwenye karatasi, kuihamishia kwenye chombo na kukichoma. Kwa hiyo jina la mchoraji, hata likionekana kama saini, nalo ni chapa tu.

Washa kamera ya simu, vuta picha karibu. Vidoa vya rangi vilivyojipanga kwa mistari sawasawa ni uchapaji wa viwandani wa karne ya 20 au baadaye. Mikwaruzo myembamba kama ya sindano ni dalili ya bamba la kuchongwa. Rangi ikiwa nzito hapa na nyepesi pale, na alama za brashi zikaonekana, mkono wa mtu umepita, ingawa wapo waliochapa mistari kwanza kisha wakajaza rangi kwa mkono.

Halafu ishike kwa vidole viwili, uigonge kwa ukucha. Nzima hulia ting. Yenye ufa hutoa sauti butu. Imulike kwa tochi kutoka nyuma: ukiona kivuli cha vidole vyako, ni kauri laini, usipoona, huenda ni udongo wa kawaida uliopakwa mng'aro. Pitisha kidole ukingoni, maana waya wa kutundikia humegua. Ufa mmoja hushusha bei vibaya.

Bei yenyewe? Hata huko Ulaya, sahani moja ya mandhari iliyochapwa kwa wingi kwa kawaida huuzwa rahisi. Cheti cha "toleo maalumu" hakibadilishi mengi, kwa kuwa wengi walizinunua na kuzitunza wakisubiri zipande. Ukitafuta bei mtandaoni, angalia sahani zilizokwisha kuuzwa. Anayeomba dola mia tano anaweza kuziomba mpaka azeeke.

Mimi ningeuliza zaidi kama kwenye ukoo kuna aliyeishi pwani. Kule vyombo vya kigeni vimepamba zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za nyumba za Lamu kwa vizazi, na kiwanda cha Petrus Regout cha Maastricht, Uholanzi, kiliuza bakuli na sahani zake hadi Afrika Mashariki. Chombo cha Regout chenye picha za maua kilichopitia Zanzibar chaweza kumvutia mkusanyaji kuliko mkokoteni wa Constable, hasa kama familia inajua kilivyofika.

Lakini mtu akikuletea bakuli akidai limebanduliwa kwenye makaburi ya Kunduchi au limeokotwa magofu ya Kilwa, mrudishie. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuviuza au kuvitoa nchini kunahitaji kibali.

Sahani ya pambo usiilie chakula, hasa chenye ndimu au nyanya. Rangi na mng'aro wa zamani vyaweza kuwa na madini ya risasi. Vumbi lifute kwa kitambaa chenye unyevu, bila steelwool. Na ikibidi isafiri kwa basi hadi Musoma, ifunge kwa nguo, isimamishe wima kwenye boksi badala ya kuilaza, kisha ipakate mwenyewe. Usimkabidhi konda.