Chupa ya Tina Nyumbani

Kuanzia Mbagala hadi Tegeta, gereji nyingi ziko ubavuni mwa nyumba za watu. Fundi anapiga rangi gari, na hatua chache pembeni mama anapika. Tina ya kuchanganyia rangi na petroli ya kuondolea grisi huuzwa kwa kupimiwa kwenye chupa za maji ya kunywa. Jioni chupa hiyo ikiingia nyumbani, hapo ndipo hofu yetu kubwa ilipo.

Tina haina rangi. Mtoto mwenye kiu anaona maji. Akipiga funda moja tu anaweza kupaliwa, na kinachoua mara nyingi si kilichofika tumboni bali kilichopenya mapafuni. Kwa hiyo mzazi, tafadhali, usimtapishe. Akitapika, tina hupita tena kooni na kupata njia nyingine ya kuingia kwenye mapafu. Hata maziwa, ambayo wengi wetu tumelelewa tukiambiwa yanakata sumu, hapa hayafai, yanaweza kumtapisha. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa sabuni na maji, mkimbize hospitali, na ubebe ile chupa ili daktari aione. Nendeni hata akionekana mzima, maana kupumua kwa shida kunaweza kuanza saa kadhaa baadaye.

Tina ibaki gereji, ndani ya kopo lake lenye maandishi. Chumba cha kulala si mahali pake kabisa.

Toluini, kemikali iliyomo katika tina nyingi, hutoa mvuke wenye uzito wa mara 3 hivi ya hewa. Haupandi juu kama moshi. Hutambaa sakafuni, ukalifikia jiko la mkaa lililo mbali na kopo lenyewe, na moto ukarudi ulikotoka mvuke. Mvuke wa petroli nao ni hivyohivyo. Tina au petroli ikimwagika ndani, toeni watu kwanza, fungueni milango, msiguse swichi ya taa. Moto ukishika, pigeni 114, Zimamoto.

Nawe fundi, acha kunawa mikono kwa petroli. Ndani yake mna benzini, inayosababisha saratani ya damu, na hupita hata kwenye ngozi. Sugua grisi kwa mafuta kidogo ya kupikia, kisha sabuni. Nguo za kazi zivuliwe kabla ya kumbeba mtoto.

Liko jambo lisiloonekana kwa macho. Tina iliyotumika kusafishia bomba la rangi ikimwagwa kwenye mchanga, haipotei yote hewani; nyingine huzama kuelekea maji ya visima tunavyochota, au husombwa na mvua hadi mitoni. Mto Kizinga, unaopita Temeke, ndio unaolisha mtambo wa maji wa Mtoni. Maji ya kisima yakinuka petroli, kuyachemsha hakuyafanyi salama, na mvuke wake utajaa jikoni. Acheni kuyatumia, mkamwone ofisa afya wa kata siku hiyohiyo.