Gesi ya Friji Haiishi, Mdogo Wangu

Wadogo zangu wa DMV, yaani Washington, Maryland na Virginia, nilizoea kupokea barua za wachumba na mawifi, lakini joto la kiangazi likishaanza kutukaanga, kilio kinabadilika. Sasa hivi ni friji. Wenye migahawa, wenye maduka ya vyakula vya nyumbani, wenye magari ya chakula, na ninyi mnaokodi jiko Hyattsville mkapika pilau ya harusi ya Woodbridge, wote mnaniuliza jambo moja. Nimechukua barua hii kwa sababu imebeba nyingine zote:

"Dada, nina mgahawa mdogo Langley Park. Friji yangu ya milango miwili inasoma nyuzi 50 za Farenhaiti. Fundi amekuja mara mbili mwezi huu, na kila akija anaongeza gesi. Inapoa siku chache, halafu inarudi kule kule. Ninunue nyingine au niendelee naye?"

Pole sana, mdogo wangu. Usinunue nyingine, na huyo fundi usiendelee naye.

Sikiliza. Gesi ya friji hailiwi ikaisha. Inazunguka kama damu mwilini: kompresa inaisukuma, koili ya nje inatema joto, koili ya ndani inafyonza joto la vyakula, gesi inarudi kwenye kompresa, safari inaanza upya. Mabomba yamefungwa kwa kuchomelea kiwandani, na friji nzima inaweza kumaliza umri wake na gesi ile ile iliyotoka nayo. Kwa hiyo ikipungua, imevuja. Fundi anayeongeza bila kutafuta tundu anakuuzia gesi inayokwenda hewani, na mwezi ujao atakuuzia tena. Nyumbani tumelizoea neno hili, "ongeza gesi", tangu Kariakoo hadi Kongowea, tukalichukulia kama huduma ya kawaida. Si huduma ya kawaida.

Lakini mimi nina shaka kubwa zaidi: huenda gesi yako haikupungua kabisa. Jiulize fundi alifanya nini kwanza alipofika. Alizima friji, sivyo? Akafungua milango, akapiga kazi saa nzima au zaidi. Muda huo wote barafu iliyokuwa imeganda kwenye koili ya ndani ilikuwa inayeyuka taratibu. Alipowasha, hewa ikapita vizuri, friji ikapoa, ukamlipa na soda ukampa. Siku chache baadaye barafu imejijenga upya, hewa haipiti, umerudi nyuzi 50. Barafu ndiyo iliyokuwa ugonjwa, sifa ikapewa gesi. Na sasa pengine gesi imezidi, nayo ikizidi kompresa inabeba mzigo usio wake. Tena friji nyingi ndogo zinatoka kiwandani bila mahali pa kuchomeka geji. Fundi wa haraka anafunga vali ya kutoboa bomba, halafu vali yenyewe ndiyo inaanza kuvuja.

Kwa hiyo kabla hujampigia mtu simu, chukua tochi. Chungulia nyuma ya feni za ndani. Ukiona barafu imetanda koili nzima kama blanketi, tatizo liko kwenye mfumo wa kuyeyusha barafu, au feni imekufa, au mlango haufungi sawasawa na unyevunyevu wa jiko unaingia mchana kutwa. Ukiona barafu kipande kidogo tu, pale bomba linapoingilia, na koili iliyobaki ni kavu na vuguvugu, hapo ndipo gesi inapokuwa mshukiwa. Alama hiyo si hukumu ya mwisho, lakini inakupa cha kumwambia fundi, na fundi akijua kwamba unajua, hata bei inakaa vizuri.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi hamtaki kulisikia kwa sababu halina fahari: uchafu. Koili ya nje, ile inayotema joto, kwa kawaida iko juu au chini ya friji nyuma ya kifuniko chenye matundu. Fungua kifuniko cha friji iliyo karibu na karai la mandazi na sambusa uone. Mvuke wa mafuta unanata kwenye mapezi, vumbi la unga linanata kwenye mafuta, na baada ya muda unapata kitu kama zulia la kijivu. Joto halina pa kutokea. Kompresa inazunguka bila kupumzika, bili ya umeme inapanda, na Agosti, jiko likiwa na joto la kuzimu, inazimika. Mtu anakwambia kompresa imekufa kwa uzee. Hapana, imeuawa.

Kusafisha hakuhitaji cheti. Chomoa umeme kwanza, usinifanyie uhodari hapo. Toa kifuniko, chukua brashi laini, piga kwa kufuata mapezi yanavyosimama, usipige kwa kukatiza maana yanapinda kirahisi kama karatasi. Fyonza vumbi kwa mashine. Kama mafuta yamekaukia, nunua dawa maalumu ya kusafishia koili na ufuate maelezo ya chupa. Usilete brashi ya chuma wala bomba la maji ya kasi. Jiko linalokaanga lifanye hivyo kila mwezi. Duka lisilo na jiko linaweza kukaa hadi miezi mitatu. Ukimaliza, angalia kama umeiachia friji nafasi ya kupumua, maana nimewaona mnaopanga maboksi ya soda juu yake hadi darini.

Mpira wa mlango nao. Weka noti ya dola mlangoni, funga, vuta. Ikitoka bila kung'ang'ania, hapo pana mwanya. Zungusha jaribio hilo mlango mzima. Mara nyingi mpira haujaisha, ni mchafu tu: maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na kitambaa vinatosha. Ukiwa umechanika, mpira mpya unaagizwa kwa namba ya modeli iliyo kwenye kibati cha friji, na aina nyingi unabandika mwenyewe kwa mikono. Maji yakituama sakafuni mwa friji, angalia kijibomba cha kutolea maji. Wali na majani ya giligilani hupenda sana kuishia humo.

Tena, jamani, sufuria la biriani. Hili nalisema kila mwaka. Friji ya mgahawa imetengenezwa kutunza chakula kikiwa tayari baridi. Ukiingiza sufuria la lita 20 linalofuka mvuke, unapasha moto kila kilichomo, maziwa, nyama, saladi, na katikati ya sufuria kunabaki moto hadi asubuhi. Kanuni za chakula za Marekani zinataka chakula kilichopikwa kishuke kutoka nyuzi 135 hadi 70 ndani ya saa mbili, na kutoka hapo hadi 41 ndani ya saa nne nyingine. Sufuria zima halifiki huko hata uliombee dua. Gawa biriani kwenye trei za kina kifupi, mchuzi uweke kwenye chombo ndani ya beseni la barafu ukoroge, vikishuka ndipo viingie, bila kufunikwa kabisa mwanzoni ili joto litoke.

Hiyo namba 41 iandike ukutani. Ni nyuzi 41 za Farenhaiti, sawa na 5 za Selsiasi, na ndiyo anayoitafuta mkaguzi, awe wa DC Health, wa kaunti ya Montgomery, wa Prince George's au wa Fairfax. Hasomi kioo cha nje cha friji yako. Anachomeka kipimajoto chake ndani ya kuku. Kama huna mahali pengine pa kutunzia chakula baridi, anaweza kukufungia siku hiyo hiyo. Basi na wewe nunua kipimajoto kisichozidi bei ya sahani ya nyama choma, kiweke kwenye glasi ya maji katikati ya friji, usome asubuhi na jioni, uandike kwenye daftari. Glasi ya maji inakupa joto la chakula. Hewa inadanganya kila mlango ukifunguliwa. Na ukiona kwenye daftari namba zinapanda polepole, 38, 39, 41, umepata onyo kabla ya hasara.

Kuna mliokuwapo Ijumaa ya tarehe 29 Juni 2012. Mchana uwanja wa ndege wa Reagan ulipima nyuzi 104, usiku ikaja ile dhoruba ya upepo iliyoitwa derecho, na zaidi ya wateja milioni moja wa umeme katika eneo letu wakaachwa gizani, wengine karibu wiki nzima. Asiyejua aliendelea kufungua milango kila dakika kuangalia kama nyama bado ni baridi. Umeme ukikatika, andika saa, funga milango, weka karatasi ya "USIFUNGUE". Chakula kinachoharibika kikishakaa juu ya nyuzi 41 kwa zaidi ya saa nne, kitupe, hata kama pua inakwambia ni kizima. Pua haioni bakteria. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha, moshi wake unaua watu kimya kimya. Umeme ukirudi, ngoja dakika kama tano kabla ya kuwasha friji, kompresa isianze kazi na presha bado haijatulia. Muulize pia wakala wako wa bima kama sera yako inalipa chakula kilichoharibika kwa kukatika umeme. Wengi hugundua jibu siku ya msiba.

Turudi kwa fundi, maana mwisho wa yote kuna siku utamhitaji. Kompresa ikijaribu kuwaka, ikatoa "tik", ikanyamaza, ikarudia tena, zima. Huenda ni rilei au kapasita, vipuri vidogo, lakini kuna umeme mle ndani na si mahali pako. Vilevile chochote kinachofungua mabomba ya gesi. Marekani, kwa sheria iliyoanza Novemba 1994, anayegusa gesi nyingi za friji lazima awe na cheti cha EPA, wakala wa mazingira wa serikali, cha kifungu cha 608 cha Sheria ya Hewa Safi, na kuziachia hewani kwa makusudi kulianza kupigwa marufuku 1992. Cheti hicho ni kikadi, kinakaa kwenye pochi. Muombe akuonyeshe kabla hajafungua sanduku la vifaa, kwa adabu tu: "Kaka, naomba nione kadi yako ya 608." Fundi wa kweli hakasiriki.

Halafu mtazame kazini. Atatafuta tundu kwa povu la sabuni, kwa kifaa cha kunusa gesi, au kwa presha ya naitrojeni. Akilipata atachomelea, atabadilisha chujio, atafunga pampu na kuvuta hewa yote na unyevu. Ndipo ataweka gesi kwa mizani, akifuata uzito ulioandikwa kwenye kibati. Asiyekuja na mizani wala pampu anabahatisha kwa pesa zako. Kibati kikisoma R-290, hiyo ni propani, inawaka moto. Usimruhusu mtu asiyeijua aje na kichomeo. Kikisoma R-22, na unaiona kwenye mnada wa vifaa vya migahawa kwa bei ya kutupa, iache hapo hapo. Utengenezaji na uingizaji wa R-22 mpya Marekani ulikoma mwanzo wa 2020, na kila kilo iliyobaki inauzwa kama manukato.

Kwa mnaotaka kupakia friji hizo za mnada kwenye kontena la Dar au Mombasa: nyingi ni za volti 115 na mizunguko 60 kwa sekunde. Nyumbani ni volti 230 hadi 240 na mizunguko 50. Transfoma itashusha volti, mizunguko haiigusi, na mota iliyoundwa kwa 60 ikiendeshwa kwa 50 inakwenda polepole na kuchemka. Soma kibati. Kama hakisemi 50, muuzie Mmarekani mwenzake.

Najua kila mmoja wenu anaota kutoka jiko la kukodi afike walikofika wenye mgahawa wa Swahili Village, waliotoka Beltsville wakaingia M Street, Washington. Na wenye vijana wanaozurura baada ya sekondari wananiuliza wafanye nini. Gudelsky Institute ya Montgomery College, Rockville, inafundisha kazi hii, na Northern Virginia Community College pia, kule Woodbridge. Mtihani wa 608 hauhitaji digrii, na cheti chake hakina tarehe ya kwisha. Hapa DMV sijasikia fundi friji mwenye kadi akilalamika kukosa kazi mwezi wa Julai, na anayeweza kumweleza mama ntilie wa Langley Park kwa Kiswahili kwa nini friji yake inaganda atagombewa.

Wewe wa Langley Park, kesho kabla hujawasha jiko, chomoa friji, fungua kifuniko, angalia hilo zulia. Kisha niandikie umekuta nini. Na mwenye swali la mashine ya kutengeneza barafu alilete wiki ijayo. Ile ina ukungu wake na kesi zake, inahitaji ukurasa mzima.