Menyu zinanichelewesha, basi linaondoka

*Nina steshenari ndogo hapa Segera, karibu na njia panda ya Tanga. Abiria anashuka, anataka barua ichapwe kabla dereva hajapiga honi. Mimi bado nahangaika na kipanya kutafuta menyu. Ninunue kompyuta mpya?*
*Mchapaji, Segera*

Usinunue kwanza. Kinachokula muda wako ni kuhama kutoka kibodi kwenda kwenye kipanya na kurudi, na hilo halitibiwi na mashine mpya.

Katika Word, bofya kulia amri unayoitumia sana, chagua “Add to Quick Access Toolbar”. Itakaa kwenye ule mstari mdogo wa vitufe. Cha kwanza kutoka kushoto utakiita kwa Alt na 1, kinachofuata kwa Alt na 2. Weka vichache tu, vikijaa utarudi kutafuta kama zamani.

Faida kubwa, kwangu, iko kwenye AutoCorrect. Fungua File, Options, Proofing, kisha “AutoCorrect Options”. Andika “hwh” upande mmoja na “Halmashauri ya Wilaya ya Handeni” upande wa pili. Tangu hapo herufi tatu na nafasi zinatosha. Fanya hivyo hata kwa “Yahusu: maombi ya kazi”. Epuka kifupi ambacho ni neno la kawaida, kama “wa”.

Kuchapisha ni Ctrl na P, hakuhitaji mpangilio wowote.

Ila kama herufi zinachelewa kutokea hata ukiandika polepole, hapo mwite fundi akague virusi na diski kabla hujatoa hela ya kompyuta nyingine.